Mbwa wa mwanyumba, udi wa Muscat na mie nikining'inia kwenye fensi

Mwanyumba wangu ni Mluhya wa Kakamega, alisilimu vizuri tu alipomuoa mdogo wake mke wangu, tatizo mbwa wake hakusilimu. Huyo mbwa anaitwa Chapati, jike, miguu mifupi mwili mrefu, rangi ya kahawia na mabaka meusi meusi ya kuungua, ndo asili ya jina. Wao wanakaa St. Paul sisi tuko Minneapolis, kwahiyo Iddi tukienda kwao Chapati anakaa mwisho huu wa kochi mie mwisho ule, tunaheshimiana, hatusemeshani. Sasa Januari baba yake mwanyumba akafariki huko Kakamega, tiketi zikapatikana za usiku uleule, na msiba ukishaingia nani atabisha, shemeji yangu huyo mlangoni analia, mkono mmoja begi mkono mmoja kamba ya mbwa. Mama Salma akamkumbatia mdogo wake wakalia weee, walipomaliza kulia kamba nimeshika mie.

Jamani naomba mnielewe, mie mtoto wa Tanga, nimekulia pembeni ya shamba la mkonge na lile shamba lilikuwa na mbwa wa walinzi, ukikatisha kwenda kuokota maembe ukasikia mnyororo unaburuzika hapo kila mtu na roho yake, udugu unakufa. Halafu juu ya woga weka dini, sisi Shafi, mbwa akikugusa na mate au na ile pua yake mbichi ni kuosha mara saba na mara moja katika hizo iwe kwa udongo. Najua Wamaliki wenzetu mbwa kwao hana shida, ila Mama Salma sio Mmaliki.

Basi Mama Salma akaweka sheria. Chapati ukomo wake ni jikoni, busati lake la peke yake, bakuli lake la peke yake, na ile harufu ya mbwa yeye haivumilii, kwahiyo kila jioni anafukiza. Tuna udi unatoka kwa shangazi yake Muscat, udi wa maana ule sio vile vijiti vya dukani, mkaa wa kufukizia tunachukua kwa Wasomali maana hapa Minneapolis kwa mambo ya ubani na uunsi Wasomali wametuwekea kila kitu. Akatoa chetezo, akatoa tenga lake la kufukizia nguo alilokuja nalo toka nyumbani, akatandaza juu yake blanketi la Chapati na kale kajaketi kake, maana mbwa wa huku ana jaketi, na ana buti nne, mie buti yangu ya kwanza nimevaa Form One. Kengele ya moshi ikalia. Jirani akagonga. Kesho yake Mama Salma akaivisha ile kengele kofia ya kuogea akaendelea na kazi. Baada ya hapo Chapati mwenyewe akazoea, akisikia mkaa unapasukapasuka anatoka jikoni anakuja kusimama karibu na chetezo kafumba macho anafukizwa. Mie nikasema huyu tukimpeleka kwenye harusi Pangani hakuna atakayemjua.

Sasa mie kazi yangu fensi. Kampuni siitaji, tunajenga fensi za nyumba, mashule, mashamba, na Januari kwa kawaida tunalala maana ardhi ya Minnesota ikiganda huchimbi shimo hata uje na jeshi. Lakini bosi akapiga simu, kuna mahali huko kaskazini wanafuga mbwa mwitu, tawi la msonobari limelemewa na theluji likaangukia fensi, sehemu ya juu imepinda, wanataka fundi kesho asubuhi. Mahali pa binafsi, nako sikutaji. Nikamwambia Mama Salma kesho nasafiri, masaa manne kwenda masaa manne kurudi, utashinda na Chapati. Akaniangalia. Akasema, "Baba Salma, mie nikitoka nasingi homu nimewageuza wazee usiku kucha, nije nikae peke yangu na mbwa? Ukitoka, nae katoka." Ikaisha hiyo.

Na ili msichanganye, mbwa mwitu ninaowasema sio wale wetu wa Selous wenye madoadoa na masikio mapana, ni hawa wakubwa wa kijivu wa nchi za baridi wenye macho ya njano. Minnesota wamejaa. Majimbo karibu yote ya Marekani waliwamaliza kwa sumu na risasi na mitego, hapa msituni kaskazini wakasalimika, leo wanakadiria kama 2,700 hivi, na mwenzangu wa kazini, Mmexico mmoja mwenye maneno mengi, njia nzima ananisimulia jinsi mbwa mwitu wa porini wanavyokula mbwa wa watu. Na ni kweli hasemi uongo, huku mtu anamfungulia mbwa wake akojoe nyuma ya nyumba asubuhi anakuta kola. Kwao mbwa wa nyumbani akiwa kwenye eneo lao ni mvamizi, hawana habari kwamba ni ndugu. Chapati kakaa katikati yetu na buti zake ananukia Muscat, anamsikiliza.

Tulipofika ilikuwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Akatupokea mama mmoja wa kizungu, mlezi wa pale, mtu mzima, ana sauti ya taratibu, akamuona Chapati akasema hapana, mbwa hatuingizi kwa wanyama, lakini kwenye gari atakufa kwa baridi, basi mfungieni ofisini kwenye hita. Akatupeleka kuona fensi akiwa anatueleza. Kuna fensi ya nje, halafu uwazi wa kupita mtu, halafu fensi ya ndani ambayo ndo nyumba yao, waya mita tatu na juu imekunjwa kwa ndani ili wasipande, chini umelazwa wavu kwenye ardhi wasichimbe. Milango miwili miwili, wa kwanza haufunguki mpaka wa pili umefungwa. Nikasema huu ulinzi benki ya kwetu haina.

Aliyekuwemo kwenye lile zizi bovu ni mmoja tu, dume, miaka 14, na hiyo ni umri mkubwa kweli maana porini wengi hata nusu yake hawafiki. Mie nikamwita Babu. Babu kazaliwa hukohuko kufungwa, kalelewa na binadamu kwa chupa toka macho hayajafumbuka, maana ukichelewa mtoto wa mbwa mwitu akishapita wiki chache hujamzoesha basi tena, atakuogopa maisha yake yote. Mkewe alikufa vuli iliyopita. Toka hapo, mama akasema, analala pembeni anageuzia watu mgongo, nyama anakula nusu, na hawa viumbe ni wa familia, baba mama na watoto, habari za yule jemedari mmoja anayepigana na wote ili atawale ni mambo ya watu waliowaweka wageni kwenye zizi moja wakawaangalia wakigombana, David Mech mtafiti wa hapahapa Minnesota ambaye zamani mwenyewe aliyaandika akaja kuyakataa. Kumpa mwenza mpya kwa umri ule wanaogopa watamuumiza.

Akaniuliza kwenu kuna mbwa mwitu wa namna hii, nikamwambia mama kwetu ni simba na tembo, hawa hatuna. Akasema mnao. Eti wale bweha wa dhahabu wa Ngorongoro na Serengeti, mwaka 2015 walipopima vinasaba wakakuta sio bweha kabisa, wako karibu zaidi na mbwa mwitu, ni aina yao wenyewe. Nikanyamaza. Nimetoka Tanga mpaka kwenye barafu kuja kufundishwa wanyama wa Ngorongoro na mtu wa Minnesota.

Babu akahamishiwa zizi la pili, katikati kuna kile kimlango cha kushusha na kupandisha kwa waya. Akakishusha. Mie nikaweka ngazi ndani ya zizi, nikavaa mkanda wa usalama nikaukamatisha kwenye nguzo kule juu, kikoi changu nimejizungushia shingoni maana hakuna skafu ya kizungu inayokaa vizuri kama kikoi, nikaanza kukata waya uliopinda. Mwenzangu yuko chini nje ananipa vifaa. Huyu mwenzangu akasikia baridi, akaenda ofisini kuchukua kahawa.

Nadhani mmeshajua kilichotoka ofisini.

Nasikia tiki tiki tiki tiki kwenye barafu, buti nne. Nageuka namuona Chapati anakuja kwenye ule uwazi katikati ya fensi mbili, lango la nje tulikuwa tumeliacha wazi kwa ajili ya kuingiza vifaa, anakuja mkia juu, kaniona mie mtu wake anayemjua, kafurahi. Kaja mpaka kwenye waya hapo chini yangu upande wa nje akakaa. Nikamwambia rudi. Kwa Kiswahili, maana kwao ndo anazungumzishwa Kiswahili. Akapiga mkia. Nikasema Chapati rudi ofisini wallahi nitakurudisha Kakamega kwa miguu. Akabweka mara moja, kale kasauti.

Upande wa pili kukawa kimya na mie kule juu nikahisi nywele za mgongo zinasimama. Kile kimlango kilikuwa kimeshuka ndio, ila chini kulikuwa na barafu, hakikugusa ardhi, kimebaki kiwazi cha kupita pua. Na pua ilikuwa imepita. Pua nyeusi kubwa, inavuta hewa fuu fuu fuu, halafu ikapanda juu, kimlango kikapanda nayo, Babu huyo kaingia.

Kwanza naomba niseme kuhusu ukubwa. Mnaona kwenye tv mnafikiri ni mbwa polisi. Sio. Kichwa ni kikubwa, miguu mirefu, kwato sijui vidole vipana utadhani kavaa viatu vya kuazima, na anatembea hatoi sauti hata kidogo. Mie nilikuwa nusu ya ngazi, nikataka kuwa juu ya ngazi, mguu wa kushoto ukapanda, wa kulia ukaipiga ngazi teke, ngazi ikaenda zake. Mkanda ukanidaka kwenye mapaja, nikabaki nimeanikwa, uso kwenye waya, miguu inaelea usawa wa mgongo wa Babu. Nikapiga Ayatul Kursiy nikafika katikati nikasahau nikaanza upya.

Akaja chini yangu. Akanusa soli. Akanusa suruali. Akanusa sehemu ambayo daktari tu ndo aliwahi kuisogelea kiasi kile. Na mie nguo zangu zote zilikuwa zimepitia tenga la Mama Salma, yaani nanukia bwana harusi. Babu akafumba macho akavuta hewa ndeeefu. Halafu akageuka akamuona Chapati kupitia waya, na ule udi wote uliokuwa kwenye kile kijaketi ukampiga usoni.

Nikafumba macho nisione. Nikamuwaza mwanyumba kwenye msiba wa babake napiga simu namwambia pole na lingine.

Sikusikia kubweka. Nikasikia mlio mwembamba, wa kubembeleza, iiiih iiiih, nikajua Chapati analia. Nikafumbua jicho moja. Anayelia ni Babu. Kale kazee ka miaka 14, masikio kayalaza, mkia unapepea chini chini, anajisugua shavu kwenye waya pale alipo Chapati, upande huu, anageuka upande huu, anarudia. Chapati nae kwanza alijilaza tumbo chini, nikasema kapata akili, kumbe anajipanga, akainuka akainamisha kifua mpaka kwenye theluji makalio juu, ile namna yao ya kusema tucheze. Na Babu, wallahi, nae akainama. Miguu ya mbele ikamsaliti ikateleza, akaanguka kidevu, akainuka, akainama tena.

Hapo ndipo kikoi kikaniponyoka shingoni.

Kikoi cha Tanga, nilichovaa siku ya pili ya harusi yangu. Kikadondoka mbele ya Babu. Akakinusa, akarusha bega chini akaanza kujiviringisha juu yake, mgongo, shingo, miguu hewani, anaguna. Nikaja kuambiwa baadae kwamba ndo kawaida yao, mbwa mwitu akikuta harufu kali asiyoijua anajigaragaza juu yake, na walezi wao huwa wanawaletea manukato na viungo vya chakula makusudi wasichoshwe na kufungwa, mdalasini, vipafyumu vya bei rahisi. Ila udi wa Muscat hakuna aliyewahi kumletea. Alipomaliza akakiokota kikoi kwa mdomo akakipeleka kwa Chapati. Pindo likapita kwenye tundu la waya. Chapati akaliuma. Akavuta. Babu nae akavuta.

Basi wakawa wanavutana kikoi changu huku na huku, mmoja kilo sijui ngapi mwingine tumbo linagusa chini, na nikaona kwa macho yangu Babu anamuachia. Angeweza kukivuta na Chapati akaja nacho puani kwenye waya, lakini anavuta kidogo anaregeza, Chapati anasonga nyuma na buti zake anateleza anajiona Simba Sports wamechukua ubingwa, Babu anavuta tena taratibu. Mie juu nasikia nyuzi zinakatika.

Mwenzangu karudi na kahawa. Unajua alifanya nini? Kaweka kahawa chini, katoa simu, kaanza kurekodi. Namwambia muite mama, ananiambia subiri subiri geuka kidogo.

Mama akaja mbio na hakupiga kelele, akasimama nje ya waya akaniambia kwa ile sauti yake, usirushe miguu, usimkazie macho, ongea pole pole. Nikamwambia pole pole mama nitaliwa. Akasema hakuli, ila akikung'ata hata kwa bahati mbaya hatari ni kwake yeye, maana chanjo ya kichaa cha mbwa haijaidhinishwa rasmi kwa mbwa mwitu, akimuuma mtu wanaweza kutaka auawe wapime ubongo. Kwahiyo nimening'inia pale nimeganda masharubu na ninayetakiwa kumuonea huruma ni yeye. Na cha ajabu nikamuonea.

Akaleta paja la kulungu. Huku kulungu wakigongwa na magari barabarani nyama haipotei, nyingine inaishia kwa hawa. Akalirusha kule zizi la pili ili Babu alifuate. Babu akageuza kichwa akaliangalia, akarudi kwenye kikoi. Mama akashika mdomo. Akasema toka vuli hajawahi kumuona anacheza. Aliyeliangalia lile paja kwa nia ni Chapati, akamgeukia mama akampandishia nyusi, ile ya katikati, ya uyatima. Kuna utafiti wa 2019 unasema mbwa wa nyumbani ana msuli kabisa wa kupandisha nyusi ile sehemu ya ndani ambao mbwa mwitu hana, yaani maelfu ya miaka ya kukaa na sisi imemuotesha msuli wa kuombea chakula. Wanasema pia tumbo lake limejifunza kusaga wanga kuliko la mwenzie wa porini, na hilo mie sihitaji maabara, Chapati nimemshuhudia na ugali.

Mwishowe mama akaona njia ni moja. Akashika kamba ya Chapati akaanza kutembea nae taratibu nje ya waya kuelekea zizi la pili, na Babu ndani huyo, sambamba nae, bega kwa bega na waya katikati, kikoi mdomoni. Akapita kile kimlango mwenyewe. Mwenzangu akaweka simu mfukoni akavunja barafu kwa nyundo akakishusha mpaka chini. Lakini kabla Babu hajaondoka pale chini yangu alikumbuka kitu kimoja, akarudi hatua mbili, akainua mguu, akaweka sahihi kwenye nguzo. Nguzo iliyonibeba mie. Upepo ulikuwa unatokea kwake. Nikapata mie na Chapati kupitia kwenye waya akapata.

Kazi tukamaliza mchana, Babu kajilaza kwenye waya wa zizi lake na Chapati hataki kurudi ofisini, mama mwenyewe akasema mwacheni afungwe kamba pale nje, wamelala mgongo kwa mgongo. Mie mikono inatetemeka nimefunga waya zikakaa ovyo nikarudia.

Kurudi ndo balaa. Mkojo wa mbwa mwitu ulioganda kwenye jaketi hauna neno. Ukiwasha hita ya gari, ukayeyuka, ndo unajua ulichobeba. Mwenzangu Mmexico akafungua dirisha, nyuzi 26 chini ya sifuri, kichwa nje, masaa manne, ananitukana Kihispania. Nilimwambia si ulikuwa unacheka.

Mama Salma alifungua mlango nusu. Akavuta hewa mara moja akafunga. Akaongea kwa tundu la barua, "Baba Salma, nini hicho?" Nikamwambia mbwa mwitu kanikojolea. Kimya. "Kakukojolea wapi?" Nikamwambia mguu na nusu jaketi, na Chapati kichwani. Kimya kirefu. Akasema, "Saba. Na udongo. Humohumo nje."

Udongo wa wapi? Minneapolis Januari, chini ni theluji, chini ya theluji ni barafu, chini ya barafu udongo umekuwa zege, si ndo maana Januari tunalala nyumbani, hauchimbiki. Nikampigia baba mdogo Tanga, yeye ni ustadhi, kule alfajiri inakaribia kwahiyo yuko macho. Nikamueleza. Akaniuliza swali moja, "Huyo mbwa mwitu ni mbwa?" Nikaona upenyo. Nikamwambia baba mdogo, hapa kuna rai mbili, yeye ni mnyama wa porini huyu. Akasema, "Sikukuuliza anapokaa, wanasayansi wenu wanasemaje?" Nikakosa uongo, nikamwambia wanasema ni kitu kimoja, hata wakipandana wanazaa na watoto wanazaa. "Basi saba." Nikamuuliza udongo wa kwenye mifuko, wa maua, unafaa? Akauliza una nini ndani. Nikamsomea kwa simu: magome ya miti, mbolea, vijitu vyeupe. Akasema, "Mwanangu hicho sio udongo, hicho ni bustani. Tafuta udongo, au hilo jaketi thamani yake nini, si ulitupe?" Jaketi la kampuni baba mdogo, linakatwa kwenye mshahara. "Basi tafuta udongo."

Nikaingia duka kubwa la vifaa na ile harufu. Watu wanapishana wananusa, mzee mmoja akainua viatu vyake kuangalia kama kakanyaga. Kijana wa dukani nikamuuliza mna udongo wa kawaida, udongo tu, akanipeleka kwa mbali mbali huku anatembea kinyumenyume, nikapata mfuko wa udongo wa juu uliobaki toka kiangazi. Pale kaunta foleni ilivunjika yenyewe nikawa wa kwanza.

Tukaoshwa kwenye gereji, mie na Chapati sambamba, ndoo za maji ya moto, Mama Salma anahesabu kwa sauti kavaa glavu za kazini kwake. Ilipofika ya udongo Chapati akapenda akataka kurudia. Salma binti yangu kapiga picha, picha ikafika kwenye grupu la familia, toka Tanga mpaka Muscat nikawa mgonjwa wa kuulizwa hali.

Ila niseme jambo lililonikaa. Bosi alinirudisha kule tena kubadilisha kile kimlango, na Chapati tukaja nae maana mama mwenyewe alipiga simu akaomba. Safari hii Chapati hana udi hata chembe, kasuguliwa udongo na sabuni ya vyombo mpaka kawa mpya, mie nikasema leo ndo tutajua kama Babu alipenda mbwa au alipenda marashi. Babu akamsikia zile buti kabla gari halijazimwa. Akainuka kule kwa mbali alikolala, akaja na ule mwendo wake wa goti bovu, akasimama kwenye waya analia kwa kile kisauti. Chapati akajaribu kumjibu kwa kuimba, kutoa ule mlio mrefu wa mbwa mwitu, kikatoka kitu cha mlango usiotiwa mafuta. Babu akainua kichwa akamjibu wa kweli, mlio uliojaza msitu mzima, na mazizi mengine yakaitikia, mie nikashika bega la mwenzangu Mmexico, yeye akashika la kwangu. Sisemi watawekwa pamoja, mama kasema hapana, mbwa mdogo na meno yale hata kwa mchezo ni hatari. Kuna duma kule San Diego wanalelewa na mbwa toka wachanga miaka na miaka, mbwa anamtoa duma woga, lakini duma na mbwa mwitu ni hesabu tofauti. Kwahiyo wao na waya wao. Paja la kulungu siku ile Babu alimaliza lote, akala mpaka mfupa, Chapati amekaa mbele yake anampandishia nyusi bure.

Mwanyumba karudi na msiba umekwisha salama, kachukua mbwa wake. Kampakia kwenye gari, kamnusa kichwani, kaniangalia, "Bro, mbona huyu anakaa kunukia shangazi ya bibi yangu?" Maana jioni ileile ya kuondoka Mama Salma alikuwa kamfukiza, eti mgeni haondoki hivihivi.

Kikoi kipo kule kaskazini mpaka leo, Babu anakilalia. Na yule mama wa kizungu kanipigia anauliza ule moshi ni wa nini na unapatikana wapi, anataka kwa ajili ya Babu na wale wengine. Nikamkabidhi simu Mama Salma nikijua atakataa, udi wa shangazi yake utoke Muscat uende kwa wanyama. Akanyanyua simu, akasikiliza, akauliza wako wangapi. Akahesabu vidole. Akanigeukia kaziba simu na kiganja, "Baba Salma, hawa wanalipa kwa mwezi au wanalipa papohapo?"